Jina Lililoachwa na Tindo

Katika zama ambazo kila mji wa mwambao ulikuwa na sultani wake, na kila sultani ugomvi wake, mji wa Tuwaka ulisifika kwa vitu viwili: ukuta wake wa mawe ya matumbawe, na Nyumba ya Chapa, ambamo sarafu za shaba zilipigwa jina la mtawala upande mmoja na ua la asumini upande wa pili. Watu wa Tuwaka walikuwa na desturi ambayo miji jirani iliicheka. Sultani akifa kitini, sarafu zake ziliendelea kutumika sokoni. Akiondolewa kwa nguvu, mpiga mbiu alizunguka mitaani kuzidai zirudishwe. Mafundi wakazilaza juu ya fuawe moja moja, wakasimamisha tindo juu ya jina la aliyeanguka, wakapiga nyundo. Sarafu iliyochanjwa hivyo haikununua hata fungu la mchicha. Ilingojea tu kuyeyushwa.

Nyingi hazikufika motoni. Zilitoroka mlango wa nyuma, zikawa vizito vya nyavu, vidani vya watoto, vizibo vya mitungi. Huko ndiko Mwana Zaina binti Fakihi alikozifuata. Alikuwa mjane wa makamo, binti wa kadhi, aliyesomeshwa na baba yake hadi wanaume wa baraza wakawa wanakohoa kwanza kabla ya kubishana naye. Akiona kidani shingoni mwa mtoto, alimwendea mama yake na kutoa ushanga mzuri wa Kambaya, ng'ambo ya Bara Hindi, akaondoka na kipande cha shaba kilichochanjwa. Kwa kukusanya sarafu zilizokufa, wachuuzi walimwita Mwenye Maiti.

Mwaka huo Tuwaka ilikuwa imezingirwa. Nje ya ukuta alipiga kambi Fumo Nasiri, mjukuu wa Sultani Abdulrahmani, yule aliyeng'olewa kitini enzi za mababu. Alikuja na watu wa bara wenye mikuki mipana na ngao za ngozi ya nyati, na siwa yake, baragumu ya kifalme, ililia kila alfajiri. Lakini ukuta ulikuwa mrefu na ghala zilikuwa na mtama, na wazee wa mji hawakushtuka. Kilichowashtua ni kitambaa cha hariri nyekundu alicholeta mjumbe. Ndani yake mlikuwa na sarafu moja ya Abdulrahmani. Upande wa ua ulikuwa umepasuliwa na tindo. Upande wa jina ulikuwa mzima kama siku ulipopigwa.

“Fumo anasema hivi,” mjumbe alitamka. “Nyumba yenu ya Chapa yenyewe ilikataa kulichanja jina la babu yake. Basi hakuondolewa kwa haki, na wote waliomfuata, hadi huyu Abdulwahidi wenu wa leo, ni wanyang'anyi. Fungueni lango kabla ya sala ya Ijumaa. Na mtoeni Madi bin Fakihi, kwa kuwa babu yake Madi ndiye aliyeongoza askari siku ile ya kumng'oa. Damu yake itafunga shauri.”

Sarafu ilipita mkono hadi mkono barazani. Huko Tuwaka, neno la Nyumba ya Chapa lilikuwa ushahidi. Watu waliachana na kugawana mashamba kwa neno hilo. Wazee waliinamisha vilemba. Mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba mafundi wale walijua haki ilipo. Kabla ya adhuhuri shauri lilikwisha kukatwa kwamba Madi, amiri wa lango la kaskazini, atatolewa asubuhi yake, na lango lifunguliwe kabla ya Ijumaa.

Madi alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa dada yake, Mwana Zaina, bado amefunga jambia.

“Dada, hizi maiti zako leo zimenifikisha pabaya.”

“Maiti zangu hazijasema neno bado.”

“Basi zihimize. Shingo sina ya akiba.”

Mwana Zaina alikwisha kumwaga mkoba wake juu ya mkeka. Habari ya sarafu ile haikuwa ngeni kwake. Alikuwa nazo kadhaa za Abdulrahmani, zote zimechanjwa upande wa ua, na kwa miaka mingi jambo hilo lilimkera kama uzi uliolegea katika nguo nzuri. Aliwahi kudhani fundi wa zama hizo alikuwa mlevi. Kisha akadhani alikuwa kipofu wa jicho moja. Hakuwahi kuridhika.

“Tazama,” alimwambia Madi. “Sultani Daudi, kachanjwa jinani. Sultani Hasani, jinani. Sultani Idrisa, jinani, na kwa hasira. Abdulrahmani, uani. Na huyu?”

Madi aliisogeza sarafu kwenye mwanga. “Abdulkarimu. Yule aliyewafukia watu visimani?”

“Huyo huyo. Na yeye kachanjwa uani. Sasa niambie, nani Tuwaka nzima angemwonea huruma Abdulkarimu?”

“Hata mamake alimkimbia.”

“Basi si huruma. Wala si haki. Ni kitu gani?”

Alikuwa angali amechutama pale shangazi yao, Bi Somoe, alipopita na ufagio. Bi Somoe aliinama, akaokota kipande cha karatasi kilichochanika kutoka kwenye daftari la wanafunzi, akakibusu, akakigusisha kwenye paji la uso, kisha akakisukumiza katika ufa wa ukuta, juu, pasipofika miguu ya mtu. Kila nyumba ya Tuwaka ilikuwa na ufa wa namna hiyo.

“Shangazi, kimeandikwa nini?”

“Mimi nisome nilisomeshwa na nani? Lakini huenda jina la Mola limo. Utalikanyaga?”

Mwana Zaina alibaki ameukazia macho ule ufa. Kisha alizitazama tena sarafu zake. Daudi. Hasani. Idrisa. Majina ya watu. Abdulrahmani, mja wa Mwingi wa Rehema. Abdulkarimu, mja wa Mkarimu. Majina yaliyoitwa majumbani na sokoni kutwa, hata masikio yakasahau yamebeba nini. Mikono ya mafundi haikusahau.

“Madi,” alisema, “kesho hutakwenda peke yako.”

Asubuhi lango lilifunguliwa kwa upana wa watu wawili. Madi alitoka bila silaha, kanzu nyeupe, na nyuma yake dada yake amejitanda ukaya mweusi, mkoba kwapani. Chando, amiri wa watu wa bara, aliwapokea kwa kicheko.

“Tumeomba shingo moja, wametuletea na mkufu wake!”

“Mkufu hauumi, bwana,” Mwana Zaina alijibu. “Nipeleke kwa mwenyewe.”

Fumo Nasiri alikuwa kijana mwembamba mwenye joho la zari lililopauka kwa jua la safari. Ndiyo kwanza akunje msala wake. Adui zake nao walikiri kwamba hakuwahi kuacha sala, hata vitani. Alimsikiliza Mwana Zaina hadi mwisho, akazitazama sarafu zilizopangwa mbele yake, akatikisa kichwa kwa adabu.

“Ni maneno ya mtu msomi, Mwana. Lakini huyo Abdulkarimu wako ni mmoja. Huenda fundi alikosea. Nitakuachia vipi ndugu yako kwa kosa la fundi?”

“Sikuombi uniamini.” Alitoa sarafu mpya inayong'aa. “Hii ni ya Abdulwahidi, adui yako. Ukiketi kitini, sarafu zake itabidi zichanjwe. Anza na hii, mbele ya watu wako.”

Fumo alicheka kwa mara ya kwanza. “Kwa furaha kubwa!”

Mhunzi wa mikuki alileta fuawe, nyundo na tindo. Watu wa bara walisogea, ngao zikagongana. Fumo alikunja mkono wa joho, akailaza sarafu jina likiwa juu, akasimamisha tindo, akainua nyundo.

Nyundo ikasita hewani. Midomo yake ilisogea, ikisoma. Akaishusha nyundo taratibu, akaigeuza sarafu, akaweka tindo juu ya ua, akapiga.

Mlio ulipokwisha, watu wa bara walinyoosha shingo kuitazama sarafu.

“Mbona umeigeuza, Fumo wangu?” Mwana Zaina aliuliza kwa upole.

“Ningewezaje kulikata jina lenye—” Hakumaliza. Aliitazama shaba iliyopasuka, kisha ile ya babu yake kando yake. Zilifanana kama pacha.

Chando alipiga mkuki chini. “Hila za mwanamke! Lango liko wazi, twende!”

“Tulia, Chando. Wazee wako walinipa mikuki yao kwa sababu niliwaapia kwa sarafu hii. Kiapo hicho sinacho tena.” Alimgeukia Mwana Zaina, macho mekundu. “Kwa hiyo babu yangu aliondolewa kwa haki?”

“Sikusema hivyo. Huenda babu yangu mimi alikuwa mwizi wa kiti. Shaba hii haijui. Nimekuondolea shahidi asiyeona, mwingine sinaye.”

Madi alikohoa. “Dada, ungeishia ‘Sikusema hivyo’.”

Fumo Nasiri alimwachia Madi siku hiyo hiyo. Kambi ilivunjwa, na watu wa bara wakarudi makwao wakinung'unika. Yeye mwenyewe alikwenda kuishi ugenini, katika nchi ya milima, na hakudai kiti tena.

Waandishi wa historia wa Tuwaka waliandika kwamba mji uliokolewa na urefu wa ukuta wake. Mwana Zaina hakuwapo kuwapinga. Mvua zilipokatika alikwisha kufunga mzigo, akaifuata njia ya bara, kijiji hadi kijiji, akiwatafuta wakongwe waliokuwa watumwa na askari katika kasri la Abdulrahmani. Kila alipokaribishwa kigoda aliuliza swali lile lile, ambalo ndugu yake alimsihi asiliulize: siku ile, babu yangu alifanya nini?