Makomeo Saba

Jioni hiyo Fundi Komeo alikuwa amebakiza kazi moja tu: kumalizia kuchonga ufunguo wa kabati, afunge kibanda, akimbilie nyumbani kabla giza halijaingia. Akimbilie, nasema, si atembee. Mtu mzima, kitambi kile, mvi zile, lakini jua likianza kuelemea upande alikuwa anakata mitaa kama mwizi wa kuku.

"Fundi!" akaita fundi viatu wa kibanda cha jirani. "Nasikia umeongeza lingine mlangoni. La ngapi sasa?"

"La saba."

"Saba! Aisee, malaika akitumwa kwako na habari njema atabisha, atachoka, habari atamwachia jirani."

"Cheka tu. Siku jini litakapobisha kwako utanifuata kwa magoti."

Fundi viatu akacheka mpaka akadondosha sindano. Hakujua, na wewe msomaji hujui, kwa hiyo ngoja nikueleze. Mimi kwenye hadithi za namna hii sishindwi na mtu, lakini hii hata mimi huisimulia nikiwa nimeegemea ukuta.

Miezi kumi na minne nyuma, magharibi ya mvua, mlango wa Fundi Komeo ulibishwa mara tatu. Sauti ikaita, "Kaka... nifungulie..."

Ilikuwa sauti ya mdogo wake, aliyekuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka pale. Lakini ilikuwa na mluzi ndani yake, kama upepo unaopenya tundu la kitasa. Sasa, mzee aliyemfundisha Fundi kazi alikuwa na sharti moja: fundi wa vitasa hafungui mlango kwa kusikia sauti. Sauti huigwa. Anayebisha aende dirishani, aonyeshe uso wake kwenye mwanga wa taa. Fundi alilishika sharti hilo, akalitangaza mtaa mzima, akajisifu nalo. Kwa hiyo akasema:

"Njoo dirishani nikuone uso."

Dirisha liko upande wa pili wa nyumba. Hatua kumi na tano, pamoja na kuruka mtaro.

"Siwezi... kaka..."

"Basi wewe si mdogo wangu."

Asubuhi walimkuta amejikunja kizingitini, bega limeegemea mlango. Daktari aliandika pumu. Fundi akakataa katakata. Pumu gani inaua mtu mlangoni kwa ndugu yake? Lile lilikuwa jini, alisema, lilimmaliza kijana kwanza, ndipo likaja na sauti yake. Ushahidi? Tangu siku ile, kila jua likizama, mlango ulibishwa. Mara tatu. Na ule mluzi.

Ndipo akaanza kupigilia makomeo. Mkewe, mwimbaji wa kwaya, mtu wa sala, akawa anamtazama tu. Fundi naye alisali, tusimsingizie. Ila alisali kama anavyokagua makomeo: Bwana, funga hapa, Bwana, kaza pale. Usingizi ulikuwa umemhama. Alikonda mashavu, kitambi kikabaki peke yake kama mgeni asiyeaga. Mwenyewe alijua kwamba akiendelea hivyo mwaka hauishi, atakuwa chizi au maiti.

Basi, jioni hiyo akapuliza vumbi la tupa, akageuka kuchukua begi lake la kazi.

Mtu alikuwa amesimama mbele ya meza.

Hakusikia akija. Koti refu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Na harufu... harufu ya nguo iliyoloa, ikakaa, ikavunda. Wakati mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima.

"Fundi. Kuna mlango umegoma."

"Kesho, ndugu yangu. Nimeshafunga."

"Kuna mtu yuko nje."

Alisema hivyo tu, kwa upole. Katika kazi yake yote hakuwahi kumwacha mtu amefungiwa nje. Isipokuwa mara moja.

"Wapi?"

"Si mbali. Njia ya kwako."

Wakaondoka. Mgeni mbele, Fundi nyuma na begi lake likigonga pajani. Wakapita duka la nafaka, wakapita kinu, wakaingia uchochoro wa mafundi bomba. Mwanga ukawa ule wa kuona umbo bila sura. Fundi akatega sikio.

Nyayo zilisikika za mtu mmoja.

Zake.

"Mlango wenyewe," aliuliza, ili tu asikie sauti ya binadamu, "ni wa aina gani?"

"Wa mbao." Mgeni hakugeuka. "Una makomeo saba."

Fundi alitaka kukimbia, lakini akimbilie wapi, na nyumbani ndiko walikokuwa wakielekea? Akainua macho. Mbele yake mlango wa mbao, rangi ya kijani imebanduka chini, kizingiti kimelika katikati.

Mlango wake.

Mgeni hayupo. Imebaki harufu.

Akarusha begi chini, akabisha. Tatu, za haraka.

"Nani?" Sauti ya mkewe, nyembamba, kutoka ndani.

"Mimi! Fungua!"

Ndivyo alivyotaka kusema. Kilichotoka ni mluzi.

Akashika koo. Kifua kilikuwa kimebana kama kimefungwa mkanda, hewa inaingia nyembamba kama uzi. Akajaribu tena. "Mke... wangu... fungua..."

Halafu mkewe akasema maneno aliyoapishwa na mumewe kuyasema, neno kwa neno:

"Njoo dirishani nikuone uso."

Fundi akageuka kuelekea dirishani. Hatua moja. Hatua kumi na tano zikawa kama safari ya siku tatu. Akateleza ukutani mpaka chini, bega likaegemea mlango, na akajua, jamani, akajua ni nani mwingine aliyewahi kukaa hapo, namna hiyohiyo, bega lilelile.

"Siwezi..."

Alijisikia akilisema neno hilo.

"Siwezi... mke wangu..."

Alisikia tu mtu akipumua upande wa pili wa ubao. Halafu sauti ya mkewe ikaja ikitetemeka, si kwake, kwa Mwingine: "Bwana Yesu, sijui aliye nje. Wewe unamjua. Nakaa mkononi mwako, nafungua."

Komeo la kwanza. Kraa.

La pili. La tatu. Aliyahesabu yote kama mtu anayehesabu pumzi zake. La saba likakwama, akalisikia likipigwa kwa kiganja, mara moja, mara mbili...

Mlango ukafunguka, akaangukia ndani kichwa mbele.

Hewa ikarudi. Akaivuta, akakohoa, akaivuta tena. Mkewe akamburuta mpaka kwenye mkeka, akampa maji, akakaa pembeni yake. Mlango ukabaki wazi. Hakuna aliyekumbuka kuufunga.

"Ulijuaje ni mimi?" Fundi aliuliza alipopata sauti.

"Sikujua. Sauti haikuwa yako hata kidogo."

"Ukafungua?"

"Nikafungua."

"Hukuogopa, mama?"

"Niliogopa. Lakini miezi kumi na minne wewe unasali mlango ufungwe. Mimi nilikuwa nasali nipate moyo wa kuufungua."

Mkewe akaendelea, polepole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwake mwenyewe.

"Siku ile nilimtambua shemeji. Neno la kwanza tu. Nikainuka, ukanishika mkono. Unakumbuka?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuogopa wewe. Jini nisingeliogopa vile."

Fundi akapiga magoti, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza hakumwomba Mungu afunge chochote.

"Bwana," alisema, "alikuwa ni yeye. Nilijua ni yeye. Si mwanzo... mwanzo sikujua. Ila aliposema hawezi, nilijua. Nikaona aibu kubatilisha neno langu."

Basi. Sala yenyewe ndiyo hiyo. Na ile amani aliyoililia usiku kwa usiku ikaja hapohapo, kifua kikalegea. Lakini usidhani ilikuja tamu. Ilikuja chungu kama shubiri, kwa sababu hofu ilikuwa imemsitiri. Kwa muda wote aliokuwa akiogopa jini, machoni pake hakuwa amemuua mtu.

Ngo.

Ngo. Ngo.

Wote wawili wakatazama mlango. Ulikuwa wazi. Kizingitini hapakuwa na mtu. Na bado ubao ulikuwa umegongwa, na ule mluzi ulikuwa pale, karibu, chini kidogo, kimo cha mtu aliyekaa.

Mkewe akamshika mkono. Fundi akauondoa taratibu, akainuka, akaenda mpaka mlangoni. Harufu ya nguo iliyoloa ikampiga usoni. Hakurudi nyuma. Akasogea upande, kama mtu anavyompisha mwenzake.

"Ingia, mdogo wangu," akasema. "Yesu yupo humu, usiogope. Nisamehe. Ingia."

Mluzi ukapanda... ukapanda... ukakatika. Halafu wakasikia, wote wawili, na mkewe hajawahi kuongea uongo, pumzi moja ndefu, safi, ya mtu aliyepata hewa baada ya kuikosa sana.

Kisha hakukuwa na kitu.

Kesho yake akamuuliza fundi viatu kuhusu yule mteja wa koti.

"Mteja gani? Uliondoka peke yako, unaongea peke yako. Nikasema leo amekwisha huyu." Fundi viatu akapunguza sauti. "Ila ulipopita mbele yangu ulikuwa unapumua vibaya, kaka. Kama marehemu alivyokuwa akipumua."

Siku hiyo Fundi Komeo aling'oa makomeo sita, akaacha moja la kuzuia paka. Usiku akalala kama mtoto mchanga. Hofu ilimwachia, na mpaka leo haijarudi, hilo hata maadui zake wanakiri.

Lakini jioni ya kwanza alisubiri. Hakuna aliyebisha. Ya pili, hakuna. Wiki, mwezi. Sauti ambayo angetoa mkono wake wa kulia ili asiisikie, sasa alikuwa anaitegea sikio, maana ilikuwa ndiyo sauti ya mwisho ya mdogo wake duniani, na alipojifunza kuijibu ikanyamaza.

Ukipita pale magharibi utamkuta. Ametoa kiti, amekaa karibu na mlango uliofunguliwa wote, midomo inacheza sala, uso umetulia kabisa.

"Funga sasa," mkewe humwambia kutoka ndani. "Mbu wanaingia."

"Nafunga," husema. "Subiri kidogo."