Nisomee Kilichoandikwa

Upepo wa Same hauna adabu. Siku ile Nashilu, binti wa kijiji cha Msangeni, alikuwa anakatiza stendi, gauni lake la kitenge cha bluu limemnata miguuni, kifuani amekumbatia mfuko wa nyuzi za darizi. Mfuko ukapasuka. Nyuzi za kila rangi zikabingirika chini ya mabasi.

"Dada, huu mwekundu umenifuata mpaka miguuni," kijana mmoja alisema, ameinama, anauviringisha uzi kidoleni. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi ikakolea, begani ana begi la nyaya. "Nikupe, au nikusindikize nao?"

Nashilu alitazama viatu vyake mwenyewe. Akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Kijana aliitwa Eliufoo, fundi kompyuta, naye siku hiyo alikuwa anakwenda Makanya kuanza kazi katika ofisi ya machimbo ya jasi. Walipeana namba, na miezi mitatu wakapendana kwa simu.

"Umekula, mama?"

"Nimekula makande."

"Makande bila mimi yameshukaje kooni?"

Nashilu, simu yake ya kitochi sikioni, akajifunika uso kwa khanga, utadhani anaonekana.

Jambo moja hakumwambia. Shule aliishia darasa la nne, mama yake alipougua. Kiswahili alikisoma polepole, kidole juu ya mstari. Kiingereza hakukijua kabisa. Na mashine ya darizi aliyoiendesha kwenye duka la Bi Sharifa iliongozwa na kompyuta ya Kiingereza. Nashilu aliikariri kwa macho: picha gani iko wapi, kitufe gani kiko upande gani. Eliufoo alipomsifu, "Mpenzi wangu mtaalamu," alinyamaza, na kunyamaza kwake kukawa uongo.

Kila asubuhi kioo cha kompyuta kilileta maneno na vitufe viwili. Nashilu alibonyeza cha kushoto, maneno yakaondoka. Asubuhi moja, Bi Sharifa yuko kijijini Bendera anamuuguza dada yake, vitufe vilikuwa vimebadilishana nafasi. Nashilu akabonyeza cha kushoto kama kawaida. Kompyuta ikazimika, ikawaka, ikazungusha vidoa vyake mpaka adhuhuri. Ilipofunguka, kila kitu kilikuwa kigeni, na programu ya darizi ikakataa kuamka. Humo mlikuwa na nakshi zote za shingo za kanzu alizochora marehemu Mzee Kassimu, mume wa Bi Sharifa. Hazikuwepo kwingine popote.

"Usilie," Eliufoo alisema simuni. "Umeingiza windo mpya, yaani mfumo mzima wa kompyuta. Ya zamani haijafa, imefichwa humo humo. Ila inakaa siku kumi tu, halafu inajifuta. Kaa mbele ya kioo, nisomee kilichoandikwa."

Nashilu akaisogeza simu mbali na mdomo.

"Halo? Halo? Mtandao huu..." Akakata.

Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu alizima simu kabisa. Alipoiwasha, Eliufoo alikuwa mtu mwingine.

"Kila nikikwambia kaa kwenye kompyuta, unakata. Hapo dukani kuna mwanaume?"

"Eliufoo, jamani!"

"Basi huyo huyo akurudishie windo yako."

Wiki nzima ikapita kimya.

Siku ya kumi Bi Sharifa alipiga simu. "Niko njiani, mwanangu. Alasiri nitakuwa hapo."

Nashilu alifunga mlango wa duka mchana kweupe. Alimwogopa Bi Sharifa, lakini alimwogopa zaidi Eliufoo. Akijua ukweli, fundi wa watu atamtaka wa nini? Na asipojua, kazi ya marehemu inafutika leo. Akapiga.

"Unasemaje?" Sauti kavu.

"Sijui kusoma Kiingereza. Niliishia la nne. Ndiyo maana nilikuwa nakata. Hakuna mwanaume. Ukitaka kuniacha, niache, lakini kwanza nisaidie vitu vya Mzee Kassimu."

Akasikia lori likipita huko Makanya.

"Herufi unazijua?"

"Nazijua."

"Nitajie moja moja. Usibonyeze mpaka niseme."

Wakaanza. Alama ya gurudumu lenye meno. Mstari wa tatu. Mstari wa chini yake. Nashilu alifuata herufi kwa kidole juu ya kioo. "G. O. Halafu B, A, C, K."

"Hapo hapo! Maana yake rudi nyuma. Bonyeza."

Vikaja vitufe viwili. Mkono wake ukaelekea kushoto wenyewe.

"Naenda kushoto."

"Simama! Usiende kwa mazoea. Nisomee vyote viwili."

Akasoma. Cha kushoto, Eliufoo alimwambia, kingeleta mambo mengine mapya. Cha kulia kilianza na N, O, yaani hapana. Akabonyeza cha kulia.

Kioo kikawa cheusi.

"Eliufoo, umeme ukikatika?"

"Omba usikatike."

"Naogopa."

"Hata mimi naogopa."

"Wewe unaogopa nini?"

"Nilikusingizia mwanaume. Ukishapata windo yako, simu yangu utaipokea tena?"

Taa ya juu ilififia, ikarudi. Nashilu alipiga kelele, akaikumbatia kompyuta kama mtoto anayetaka kuanguka. "Asilimia arobaini... sabini... imesimama sabini! Eliufoo, imesimama!"

"Usiiguse, kipenzi. Iache."

Nashilu akaondoa mikono. Kisha ikatembea. Na kioo kikafunguka, picha zote mahali pake pa zamani. Nashilu akachomeka kipande cha kitambaa, akawasha mashine, akaiweka simu kando ya sindano. Tatatatata. Shingo ya kanzu ya Mzee Kassimu ikaanza kujichora.

"Unasikia?"

"Nasikia." Eliufoo akakohoa. "Nashilu, nitaleta barua ya posa kwenu Msangeni. Najua si desturi, lakini wajomba wakishakaa, nataka uisome wewe mwenyewe. Kwa sauti."

Hofu ya kompyuta ilikuwa ya mchana mmoja. Hii ingedumu mpaka siku ya posa.

"Mbele ya wajomba! Nikikwama?"

"Tutakusubiri, hata jua lizame."

Nje Bi Sharifa alikuwa anabisha hodi.

"Basi andika fupi," Nashilu alisema, akaenda kufungua mlango.