Vitufe vya Amongin

Kitufe cha kushoto kilibonyea chenyewe, na mchezaji kwenye runinga akapiga mpira.

"Okwakol, hii kitu yako inacheza peke yake," Amongin akasema.

"Ni waya imelegea," mumewe akajibu.

Okwakol alikuwa fundi wa redio hapo Malaba. Kwa miezi minne alikuwa amehangaikia vitufe hivyo vya mbao, vikubwa kama visahani, ili mkewe acheze gemu kwa kiwiko na kidevu. Tangu lori limgonge, vidole vya Amongin havikuweza kushika hata kijiko, na gemu zote madukani zilitengenezewa watu wenye vidole kumi vizima. Mara tano Okwakol alibomoa, akaanza upya.

Akakaza waya. Kitufe kikabonyea tena. Akachomoa waya wote. Mchezaji akazidi kukimbia, akafunga bao.

Amongin alilia kwa hasira. "Siku moja tu nicheze mwenyewe. Hata hii nanyang'anywa?"

Ndipo chumba kikajaa harufu ya matope ya mto, mchana huo wa kiangazi, na juu ya mbao wakaona alama za vidole vilivyolowa, virefu kuliko vya binadamu, zikitokea moja baada ya nyingine, polepole, kama za mtu anayepapasa gizani akitafuta mlango.

"Mbao ulitoa wapi?" Amongin akanong'ona.

"Gogo lililoletwa na mafuriko. Nililipasua."

Asubuhi wakamwita mama Ejoku, mjane aliyewaombea wenye mapepo. Alikataa kuvuka kizingiti.

"Choma yote. Pepo la mto limekosa pa kukaa tangu upasue gogo lake."

"Mama, hiyo ni kazi ya miezi minne."

"Choma, mwanangu."

Walichomea uani, mama Ejoku akiomba kwa Kiteso hadi harufu ya matope ikaisha. Okwakol alitazama majivu.

"Utatengeneza zingine," Amongin akamwambia. "Za plastiki. Tutaanza tena."

Kabla hajajibu, mkono wa kulia wa Amongin ukainuka kutoka mapajani, vidole vikakunjuka kimoja kimoja, vikamgusa mumewe shavuni. Okwakol akapiga magoti akimshukuru Mungu, akaubusu mkono huo, akaukandamiza usoni huku machozi yakimtoka, asione jinsi mkewe alivyokuwa akiegemea nyuma kwa nguvu zake zote ili auvute, wala jinsi vidole vilivyokuwa vikishuka taratibu kuelekea shingoni mwake.

"Okwakol," Amongin akasema kwa sauti ndogo, "toka hapo. Si mimi ninayeusogeza."