Mama Usile na Kopo la Sukari

Nyumba ile haikujua kimya. Barazani, upande wa kulia, palikuwa na meza ya Babu Mkasi, fundi wa nguo. Upande wa kushoto palikuwa na viti vya mke wa mwanawe, ambaye alikuwa msusi. Katikati yalipita maneno. Mtu alikuja kupimwa suruali, akaondoka na habari za ndoa ya jirani. Mwingine alikuja kusukwa, akaondoka anajua nani hasalimiani na nani.

Babu Mkasi alikuwa mwembamba, lakini mkono wake wa kulia ulisifika mtaa mzima. Alikata kitambaa bila kukichora. Alimtazama mteja, akafumba jicho moja, mkasi ukaenda kra, kra, kra.

"Kiuno cha mtu hakinidanganyi," alipenda kusema. "Mdomo wake ndio unaonidanganya."

Babu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Aliishi nao vizuri. Asubuhi alimeza kidonge chake, akala yai au maharage na kipande cha mkate. Mchana alikula wali kidogo na mboga nyingi. Chai alikunywa bila sukari. Kliniki walimsifu.

"Kidonge na chakula ni sindano na uzi," aliwaambia wateja. "Kimoja bila kingine hakishoni."

Msusi alimpenda mkwewe kama baba wa kumzaa. Baba yake mwenyewe aliuawa na sukari. Alianza na kidonda, akakatwa mguu, kisha akazikwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Basi kila Babu alipokohoa, msusi alisimama.

Siku moja alikuja Redio. Huyo alikuwa jirani, na jina hilo alilipata kwa sababu hazimwi. Alikaa kitini, akatoa kichwa kisukwe, akatoa na simu.

"Mwenzangu, umeiona hii? Vyakula Kumi Vinavyokuua Kimyakimya. Imetumwa kwenye kundi. Ya sita itakutoa machozi."

"Ya sita nini?"

"Wali!"

Msusi akaacha kusuka. "Wali unaua?"

"Vyakula vyote vya wanga, wameandika hapa. Wanga ni adui."

Babu Mkasi akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Wanga? Kwani wachawi nao wana vyakula vyao? Basi mimi nimekula na wachawi tangu nizaliwe."

Watu wote wakacheka. Msusi hakucheka. Aliichukua ile simu, akasoma mpaka chini. Wali, mkate, maharage, ndizi, maziwa, mayai. Chini kabisa paliandikwa: Ewe mwenye sukari, ukipenda uhai wako, acha leo.

Aliona kama ameandikiwa yeye.

Wali ulianza kuondoka. Mkate ukafuata. Orodha ya pili ilipokuja ilisema mayai ni dawa. Ya kwanza ilikuwa imesema mayai ni sumu. Msusi alifikiri kidogo, akayaondoa. Heri kukosa dawa kuliko kula sumu, alijiambia. Maharage akampa Redio. Kopo la sukari, lile la bluu lenye kifuniko kilichopinda, akampa Redio. Redio alibeba. Wala hakubisha.

"Usile hiki, Baba. Usile kile, Baba," ndiyo ikawa salamu ya asubuhi.

"Mwenzenu nimepata mlinzi," Babu aliwaambia wateja. "Anaitwa Mama Usile."

Jina likashika. Hata watoto wa mtaani wakalijua.

Fundi viatu wa jirani alimuuliza Babu, "Mzee, mbona unakubali? Si ukatae tu?"

"Anayekukataza kwa mapenzi utamgombeza vipi?" Babu akajibu. "Alimzika baba yake. Anaogopa kunizika na mimi."

Asubuhi Babu alimeza kidonge kwa maji ya moto yenye limau tu. Mchana alikula majani ya kuchemsha. Akakonda. Alivua suruali yake mwenyewe, akaipunguza kiunoni. Baadaye akaipunguza tena.

"Kiuno hakinidanganyi," alisema, lakini safari hii kwa sauti ya chini.

Mama Usile alifurahi. Simu ilikuwa imesema ukikonda ujue sumu inatoka.

Asubuhi moja Babu alikuwa anakata suti ya bwana harusi. Bwana harusi mwenyewe alisimama pale. Redio alikuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Mkasi ukaenda kra, kra, halafu ukapinda. Ulikata mgongo wa koti toka juu mpaka chini.

"Mzee!" bwana harusi akapiga kelele.

"Nyamaza! Mjinga mkubwa!" Babu akafoka.

Babu hakuwahi kumtukana mteja. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni na asubuhi ilikuwa ya baridi. Mikono ilikuwa inatetemeka.

"Mwanangu," akasema, na ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi. "Nipe chai. Tia sukari."

"Baba, si ndiyo sumu yenyewe!"

"Tia sukari, mama. Nakuomba."

Redio akaruka kitini. "Usithubutu! Hiyo sukari imempanda! Mtu ana sukari, umwongeze sukari? Mpe kidonge!"

Mama Usile alikimbia ndani. Alirudi na kidonge cha pili. Babu alikitazama. Alimtazama mkwewe. Akameza, kwa sababu aliyempa alikuwa yeye.

Kisha akanyanyuka kwenda kujitafutia mwenyewe. Miguu ilikataa. Alianguka kizingitini, na mkono wa kulia ukatangulia chini. Wote walisikia mfupa ukivunjika.

Nesi, aliyepanga chumba cha uani, alikuwa anafua nguo. Alikuja mbio, mikono ina povu.

"Amekula nini leo?"

"Maji ya limau," Mama Usile akajibu.

"Chakula, nimeuliza."

"Ndiyo hicho."

"Na kidonge?"

"Viwili."

Nesi alileta kipimo chake, akamtoboa Babu kidole, akasubiri. "Imeshuka. Imeshuka sana. Lete sukari!"

"Sukari tena, Nesi? Si anaumwa sukari?"

"Lete sukari nakwambia! Upesi!"

"Haipo," Mama Usile akasema. "Niliitoa."

Redio akainamisha kile kichwa chake cha nusu. Halafu akakimbia kwake. Alirudi na kopo la bluu lenye kifuniko kilichopinda. Lilikuwa limebaki nusu. Kila siku alikuwa anakunywa chai yake tamu, huku akituma orodha.

Nesi akakoroga sukari nyingi kwenye maji. "Babu, unanisikia? Fumbua macho. Unaweza kumeza? Meza taratibu."

Babu akameza. Watu wakamwangalia. Baadaye kidogo macho yakarudi, yakatulia, yakawa ya mtu anayejua yuko wapi.

"Koti la watu," akasema kwanza. "Nimeliharibu?"

Halafu akajaribu kuinua mkono, akalia.

Hospitali walimlaza, maana kidonge cha pili kilikuwa bado kinafanya kazi, na sukari ingeweza kushuka tena. Mama Usile alikaa kwenye benchi la korido na Nesi. Aliuliza lile ambalo lilikuwa limemkaba.

"Nesi, nieleze kama mtoto. Mtu ana sukari. Sukari inamponyaje?"

"Tatizo ni neno lenyewe," Nesi akasema. "Sisi tunaita vitu vitatu kwa jina moja. Ya kwenye kopo ni sukari. Ugonjwa ni sukari. Na ile iliyo ndani ya damu, ambayo mimi, wewe na kila mtu tunayo, nayo ni sukari. Bila hiyo ya damu ubongo unazimika. Chakula kinaipandisha. Kidonge cha Babu kinaishusha. Ukimpa kidonge ukamnyima chakula, itashuka tu, mpaka imwangushe."

"Nitajuaje imeshuka au imepanda?"

"Ikishuka huwa ghafla. Jasho, kutetemeka, njaa, hasira, maneno ya kilevi. Kama yu macho na anaweza kumeza, mpe maji ya sukari au chai tamu upesi, kisha chakula. Usimwongeze kidonge. Kama amezimia usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali. Na kama huna kipimo na hujui ipi ni ipi, mpe hiyo sukari. Ikiwa ilikuwa imepanda, kijiko hicho hakitamuua. Ikiwa imeshuka, kumnyima kutamuua."

"Lakini orodha iliandika kabisa, ewe mwenye sukari."

"Ilimwandikia mwenye sukari gani? Inajua dawa za Babu? Inajua umri wake? Nionyeshe."

Mama Usile akampa simu. Nesi akateleza kwa kidole mpaka chini, akapita hata pale Mama Usile alipokuwa anaishia. Palikuwa na picha ya pakiti ya unga wa kusafisha damu, na namba ya kumpigia muuzaji.

"Umeona? Kwanza akutishe na chakula chako, ndipo akuuzie chake. Kuna vya kupunguza, ndiyo. Soda, sukari ya chai, mafuta mengi, chumvi. Na wali tunasema kiasi. Hakuna aliyesema mtu asile. Ukisoma jambo, jiulize ameandika nani, ananiandikia nani, na anauza nini. Kisha kabla ya kumwondolea mgonjwa chakula, uliza kliniki. Mimi nalala ukuta kwa ukuta na wewe. Ungenigongea."

"Nilidhani utanikatalia."

"Ningekukatalia," Nesi akasema.

Mume wa Mama Usile, dereva wa lori, alifika jioni na vumbi lake. Alimwona baba yake na plasta mpaka kwenye kiwiko. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho.

"Nilimpenda," akamalizia Mama Usile.

"Najua," mumewe akasema. "Adui yake angemvunja mkono, ningejua pa kwenda." Akatoka nje, akakaa kwenye lori.

Leo nyumba ile ina chakula tena. Babu anakula yai asubuhi, na maharage. Wali anapimiwa kikombe. Kidonge hamezi mpaka sahani iwe mezani. Mfukoni ana pipi za dharura, na kila anayekaa barazani anajua ni za nini. Kopo la bluu limerudi rafuni. Kliniki wanasema sukari yake imetulia. Suruali ameifumua kiunoni.

Lakini mfupa wa mzee hauungi kama wa kijana. Plasta ilitolewa, vidole vikabaki vimekunjika. Bwana harusi alioa kwa suti ya kuazima. Mkasi umening'inia ukutani kwenye msumari, na baraza ya upande wa kulia ina meza tupu.

Redio bado anakuja, ila sasa anakaa karibu na mlango. Juzi alituma nyingine kwenye kundi. Mboga Saba Zinazooza Figo. Mama Usile akamjibu mbele ya wote: "Kaandika nani? Kamwandikia nani? Anauza nini?" Mmoja aliweka kicheko. Jina la Mama Usile nalo halikumtoka. Maji yakimwagika hayazoleki, na jina la utani ni hivyo hivyo.

Asubuhi anaweka sahani mezani. Babu anashika kijiko kwa mkono wa kushoto. Maharage yanadondoka kifuani. Mama Usile ananyoosha mkono amsaidie, Babu anausogeza pembeni, polepole, bila hasira.

"Kula, Baba," anasema Mama Usile.

"Nakula, mwanangu," Babu anajibu, akiutazama ukuta. "Kula naweza. Kukata ndiyo basi tena."