Kichujio cha Lavonne

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kumrudishia dada yangu Lavonne bakuli lake la msiba. Siku tulipomuaga Baba alilileta limejaa tambi na jibini, na hapa kwetu Idaho bakuli la msiba halirudi tupu, kwa hiyo nililitia biskuti. Lavonne ni mtu wa kupewa biskuti. Mumewe ni mtu wa kupewa mgongo.

Royce Pickett ni mkono wa birika. Wenzake wakifyatua kwenye uwanja wa shabaha, yeye kainama nyuma yao, anaokota maganda ya risasi akayaoshe na kuyajaza baruti upya. Kuosha maganda si aibu, Baba alifanya hivyo maisha yake yote. Lakini Baba alikagua kila ganda, akipitisha kidole kidogo kwenye mdomo wa ganda kutafuta ufa. Royce hakagui kitu. Baba akimwona kazini alikuwa anasonya, msonyo mrefu uliopita kwenye pengo la jino lake la mbele. Mfyuuuu! Aliapa hataikanyaga nyumba ya yule mtu, na hakuikanyaga.

Alipokufa tulimchoma, na majivu yake tukayapakia kwenye risasi zake mwenyewe, kama alivyoagiza. Tukapanda ukingo wa mlima nyuma ya nyumba zetu, tukazifyatua kuelekea bondeni. Agizo lake la mwisho lilikuwa moja tu. Maganda yaachwe yalipoangukia, naye apumzike hapo.

Gereji ya Royce ilikuwa wazi. Pipa la mashine ya kuoshea maganda lilikuwa linazunguka.

Shaa… shaa… shaa…

Maji, sabuni ya vyombo, na vile visindano vya chuma vinavyosugua shaba. Sauti niliyolala nayo utotoni. Kisha ikanijia harufu ya tumbaku ya kiko, ile ile ya kiko cha Baba. Royce havuti.

"Unaosha nini?" nikamuuliza.

"Karibu, shemeji! Shaba ya maana hiyo. Imefyatuliwa mara moja tu."

"Umeitoa wapi?"

Akachekacheka. "Mlimani. Kwani marehemu ana kazi nayo?"

Nilitamani kumtemea mate. Mtu mzima, ana ndevu, anamwibia maiti!

"Zima hiyo mashine."

"Aa, wanawake na mizimu yenu." Akachomoa waya ukutani.

Pipa likaendelea kuzunguka.

Shaa… shaa…

Royce aliutazama waya mkononi mwake. Akalitazama pipa. Likapunguza mwendo taratibu, kama mzee anayetafuta pa kukaa, likasimama. Kifuniko kilikuwa bado kimefungwa. Na chini ya kifuniko…

Mfyuuuu.

"Hewa hiyo," Royce akanong'ona. "Hewa inatoka."

"Hewa inavuta kiko?"

Nilikifungua kifuniko mimi. Maji yalikuwa meusi tii, na maganda ndani yake yanang'aa kama mapya. "Nipe kichujio," nikasema.

"Kipo jikoni. Kile cha Lavonne."

"Anachochujia tambi?"

"Mchana nilichujia humo maji ya kwanza ya maganda, kwenye sinki. Nikakisuuza… kidogo."

Hofu ilinishika, lakini niliifukuza. Niliyaokota maganda kwa mkono, nikayafunga kwenye skafu yangu, nikapanda mlima mbio kabla giza halijaingia. Nikayatawanya palepale. "Baba, samahani. Rudi ulale."

Nikasubiri. Nikanusa. Misonobari tu, na baridi.

Baba hakuwa pale.

Nilishuka mbio kuliko nilivyopanda. Jikoni kichujio kilikuwa kando ya sinki, na kwenye matundu yake yameganda majivu kama unga uliolowa. Lavonne alikuwa mezani peke yake. Sahani ya tambi mbele yake ilikuwa tupu.

Pembeni ya sahani ilikuwepo bunduki ya Baba, aliyomrithisha Lavonne na ambayo Lavonne hakuwahi kuishika. Dada yangu huyu akiona panya kwenye mtego hulia. Sasa alikuwa na kopo la maganda ya Royce. Alichukua moja, akapitisha kidole kidogo kwenye mdomo wa ganda polepole, akalitupa. Akachukua jingine.

"Dada," nikaita. "Dada, umekula hizo tambi?"

"Kesho msimu wa kulungu unafunguliwa," akasema bila kuinua macho. "Nitakwenda na Royce."

Royce alikuwa ameingia nyuma yangu. Ule uoga wa gereji ulishamtoka, akapiga makofi. "Umesikia, shemeji? Hatimaye nimepata mke mwindaji!"

Nilimvuta mkono, nikamnong'oneza, "Royce, usiende naye. Nakuomba. Umemleta mzee humu ndani kwa mikono yako mwenyewe."

"Wivu huo, shemeji."

Sijawahi kumpenda Royce. Lakini usiku ule nilimwomba mara tatu, hadi sauti ikanikauka, naye akacheka mara tatu. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Wewe utatangulia, Royce," Lavonne akasema kwa upole, akiipangusa bunduki. "Mimi nitafuata nyuma."

Ndipo akamtazama mumewe kuanzia viatu hadi kofia, akasonya.

Mfyuuuu.

Msonyo mrefu, wa kupita kwenye pengo la jino.

Lavonne hana pengo.