Teodora na Jiwe Linalolia

Malimi na mkewe Teodora waliishi Pasiansi, karibu na ziwa, chini ya kilima cha mawe. Kazi yao ilikuwa kuponda kokoto. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Malimi aliwasha moto juu ya jiwe. Jiwe likishapata moto sana alisema, "Mwaga," na Teodora alimwaga ndoo ya maji. Jiwe likapasuka. Kisha wote wawili walikaa chini na nyundo zao, wakaponda huku wakiwasema majirani.

Nyumba nyingi za Kiseke, mtaa wa jirani, zimesimama juu ya kokoto zao. Malimi alipenda kuzionyesha kwa kidole, utadhani amezijenga yeye.

Juu ya kilima palikuwa na jiwe moja ambalo hawakuwahi kuligusa. Lilikuwa refu, limelala juu ya mawe mawili madogo. Ukiligonga kwa jiwe la mkononi, lililia kama kengele. Watu waliliita Ngoma. Bibi Getruda, mama yake Malimi, alisema zamani liligongwa mvua kubwa ilipokuwa inakuja, ili watu waliokuwa ziwani warudi nyumbani.

Jumapili wageni walipanda kulisikiliza. Mmoja wao alikuwa mzee Suresh, mwenye duka la vitambaa mjini. Alikuja na wajukuu wake.

"Hapa ni pazuri sana, mama," alimwambia Teodora. "Lakini njia inateleza, na choo hamna. Mjukuu akibanwa, safari imeisha."

Siku moja mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano. Alisema serikali imetenga fedha za vivutio vya utalii mikoani. Vipya vitaanzishwa na vya zamani vitaboreshwa. Kilima chao kimependekezwa. Afisa utalii atakuja Alhamisi kukikagua.

Malimi alirudi nyumbani anachekacheka peke yake.

"Mama Elias, afisa lazima akute tumeanza maendeleo," alisema. "Tutasawazisha pale juu. Tujenge ukumbi wa matofali, tupige bati la rangi."

"Na Ngoma je?"

"Liko katikati ya kiwanja. Litatoa kokoto za msingi."

Teodora aliacha kuchambua mchele. "Baba Elias, wageni wanapanda kilima kuona nini?"

"Wataona ukumbi."

"Kumbi ziko Nyakato. Mbona hawaendi Nyakato?"

Malimi alikuwa ameshatoka kutafuta kuni. Ni mtu mwema, lakini akishapata wazo, masikio huyaweka pembeni.

Alhamisi asubuhi alibeba kuni hadi juu, akawasha moto juu ya Ngoma. Bibi Getruda aliuona moshi kutoka uani. Aliusukuma uji wake pembeni, akaingia ndani.

Teodora alipanda na ndoo kichwani kama siku zote. Moyo wake ulikuwa mzito. Alijua maji yale yakimwagika, hakuna fundi wa kulirudisha jiwe lile.

"Mwaga," alisema Malimi.

Teodora alisimama tu.

"Mwaga, mama Elias. Moto unaisha."

Teodora aliiweka ndoo chini, akaifunika kwa mfuniko wake, akaikalia.

"Miaka yote ukisema mwaga, ninamwaga," alisema. "Leo simwagi."

Malimi alimtazama. Angeweza kumwondoa pale na kumwaga mwenyewe. Lakini hajawahi kumwaga. Hiyo haikuwa kazi yake. Alibaki ameshika mti wa kuchochea moto.

"Hodi huko juu," sauti ilisikika.

Alikuwa Rebeka, afisa utalii wa halmashauri. Viatu alikuwa amevivua, kavishika mkononi, maana njia ilikuwa mbaya.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, binti. Karibu."

Rebeka aliutazama moto. "Hapa panafanyika nini?"

Malimi alimweleza habari za ukumbi. Nyumbani maneno yalikuwa matamu. Pale mbele ya mgeni yalimtoka polepole.

Rebeka hakumgombeza. Alikaa juu ya jiwe dogo la pembeni. "Baba, mgeni anapanda hapa kwa ajili ya jiwe hili," alisema. "Likiondoka, sina cha kuandika. Fedha hizi si za kukigeuza kivutio kiwe kitu kingine. Ni za kumsaidia mgeni akifikie salama, na kivutio kibaki."

"Sasa mgeni anahitaji nini?" aliuliza Teodora.

"Ngazi, asianguke. Choo safi na maji. Pipa la taka. Kibao cha kumwonyesha njia. Na mwenyeji wa kumsimulia habari za jiwe."

"Fedha atapewa nani?" aliuliza Malimi.

"Hapewi mtu mmoja mkononi. Mtaa unakaa na kukubaliana kazi ipi ianze. Halmashauri inasimamia. Matumizi yanasomwa mkutanoni. Yasiposomwa, ulizeni. Ni haki yenu."

Malimi aliinamisha kichwa. "Binti, mimi ninakula kwa nyundo. Mkikilinda kilima, nitakula wapi?"

"Kokoto utaponda kule bondeni palipotengwa, siyo hapa," alisema Rebeka. "Na ngazi zitahitaji mtu wa kuchonga mawe. Omba kazi hiyo mapema."

Malimi alifikiri kidogo. Kisha akaanza kuondoa makaa juu ya Ngoma kwa mti wake, moja moja. Teodora akainuka juu ya ndoo. Rebeka alisogea asaidie, akainama kuichukua.

"Usimwage!" walisema mume na mke kwa pamoja.

Wote watatu wakacheka. Lakini Malimi hakucheka sana. Alijua jiwe linaweza kupasuka ndani kwa ndani, na nje usione kitu.

Waliliacha lipoe lenyewe hadi alasiri. Malimi aliokota jiwe la mkononi, akampa mkewe.

"Gonga wewe. Mimi ninaogopa."

Teodora aligonga palipokuwa peusi kwa moto. Sauti ikatoka nzito, kama ya mlango unaogongwa. Akahisi machozi yanakuja. Akasogea pembeni, akagonga tena kwa nguvu.

Ngoma likalia.

Kule chini Bibi Getruda alitoka ndani. Alisimama uani, akatazama ziwani kama kuna mtu anayerudi.

Leo ngazi za mawe zimefika hadi juu. Choo kipo, pipa lipo, kibao kipo. Mtaa ulikubali kiingilio kidogo cha kulipia usafi, na hesabu yake husomwa mkutanoni. Bibi Getruda huwasimulia wageni habari za Ngoma, na mzee Suresh na wajukuu wake siku hizi hukaa hadi jioni. Malimi huwaonyesha watu ngazi kwa kidole, na safari hii kweli amezijenga yeye.

Siku ambazo bomba la choo halitoi maji, Teodora hupanda na ndoo yake ileile na kopo. Watoto hukinga mikono. Malimi akipita hapo hakosi utani.

"Mwaga, mama Elias," husema.

Naye humwaga.