Karatasi ni Yangu, Si ya Tajiri

Kila asubuhi Mama Pindo alikuwa wa kwanza kuketi kwenye cherehani. Karakana ilishona sare za shule. Mafundi walikuwa saba, wote wanawake, wote wageni katika nchi ile. Pasipoti zao zilifungiwa kwenye droo ya tajiri wao.

"Nawatunzia," aliwaambia walipoanza kazi. Nao wakamshukuru!

Sasa kibali cha Mama Pindo cha kuishi nchini kilibakiza siku nne. Kikiisha, yeye na mumewe, aliyeishi kwa kibali hicho hicho, wangeweza kufukuzwa. Alimuuliza tajiri.

"Haraka ya nini?" tajiri alicheka. "Kibali hakiongezwi mpaka kiishe. Kwani wewe unajaza bobini kabla uzi haujaisha?"

Mama Pindo akaona ni kweli. Akarudi kushona.

Jioni, akianua nguo, alimsimulia jirani yake. Jirani huyo, Shangazi Nakala, alikuwa na mashine ya kutoa nakala mbele ya ofisi ya uhamiaji.

"Mpaka kiishe? Mwanangu, amekudanganya mchana kweupe! Kikiisha umekwisha wewe. Utamshonea mpaka uzeeke, maana utaogopa hata kivuli cha askari."

"Lakini pasipoti anayo yeye."

"Amekuzaa? Pasipoti ni yako. Hebu lete hicho kibali. Kigeuze nyuma. Soma."

Mama Pindo hakuwahi kukigeuza. Akasoma kwa kidole, polepole: "Maombi ya kuongeza muda... yaletwe kabla... ya tarehe ya mwisho." Akarudia. Mara ya pili sauti ilikuwa na hasira.

"Miaka kumi na miwili nipo mbele ya lile lango," alisema Shangazi. "Fundi mmoja wa vifungo alisubiri hivyo hivyo. Aliondoshwa nchini akiwa na nguo alizovaa tu. Sijasahau. Sasa sikiliza: peleka fomu, pasipoti, kibali, nakala zake na picha. Wakipokea, usitoke bila stakabadhi yenye mhuri na tarehe. Hiyo ndiyo kinga yako ukisubiri."

Kesho yake Mama Pindo alizima cherehani.

"Tajiri, naomba pasipoti yangu."

"Shona, mama."

"Nimeomba kwa heshima. Sasa nadai."

"Kumbe umekuwa wakili!"

"Nimekuwa msomaji." Akatoa kibali, akayasoma kwa sauti yale maneno ya nyuma. Cherehani zikanyamaza moja moja.

"Ukitoka hapa, kazi huna!"

"Na hizi sare utashona wewe?" alidakia fundi wa kola. "Sindano yenyewe huwezi kuitia uzi!"

Wakaangua kicheko. Hakuna aliyerudi kushona. Tajiri alitazama marobota ya vitambaa, akafungua droo. Wote saba wakachukua kilicho chao.

Ofisini, karani alipokea karatasi za Mama Pindo. "Njoo wiki ijayo."

"Nitakuja. Stakabadhi yangu kwanza."

"Wenzako hawaombi."

"Mimi naomba." Akaganda pale dirishani, foleni ikinung'unika, mpaka mhuri ukagongwa.

Wiki ya tatu, kibali kipya kikiwa bado hakijatoka, askari alimsimamisha njiani. Zamani angevuka barabara kumkwepa. Sasa alitoa stakabadhi.

Askari aliisoma. "Tajiri wako ni nani?"

"Wa nini? Hapo pameandikwa jina langu."

Askari akamrudishia. Mama Pindo akapita katikati ya njia, kifua mbele. Kibali kipya kilipotoka, alikigeuza nyuma na kukisoma chote, palepale dirishani, kabla hajatia saini.